Sifuri Ambayo Nusura Alikataa Kuiandika

Saa mbili asubuhi, Nusura Dawudi anapiga hodi kwenye nyumba ya kumi na moja siku hiyo, mtaani Kansanga. Mkononi ana kadi yenye picha ya mtoto aliyejaa malengelenge usoni.

"Umeona mtu kama huyu?" anauliza. "Hata mgeni? Hata mwaka jana?"

Mwenye nyumba, mkimbizi kutoka Kongo aitwaye Emérence, anatikisa kichwa. Nusura hatosheki. Anaomba watoto watoke nje, anawatazama nyuso na mikono mmoja mmoja. Ndipo anaandika sifuri.

Ni mwaka 1977. Nusura, mjane wa miaka arobaini na mitatu, ni mtafutaji wa ndui. Kwa siku hukagua nyumba sitini kwa miguu. Kila wiki hesabu yake huunganishwa na za wilaya nyingine na kutumwa Geneva, ambako wataalamu wa afya wa dunia hupima kama kweli ugonjwa huo umekwisha nchi baada ya nchi.

Machi iliyopita alisikia kwamba kuna mtoto mwenye vipele katika nyumba za askari upande wa Bugolobi. Akaenda. Kapteni mmoja alimzuia getini.

"Mama, hapa hakuna ndui. Andika sifuri, uende."

"Afande, mimi naandika ile nimeona. Fungua, nione."

Kapteni aligusa bastola kiunoni. Chini ya serikali ya kijeshi, watu walikuwa wakipotea kwa makosa madogo kuliko hilo. Hata hivyo aliandika palepale, mbele yake: "Sikuruhusiwa kuingia."

Ofisini, msimamizi wake, Faustino, alimsihi abadilishe.

"Tutakufa wote kwa mstari mmoja," alisema.

Nusura alikataa. Akasimamishwa kazi miezi miwili bila mshahara, akawa anashona nguo za majirani. Lakini Faustino, pamoja na woga wake wote, hakuufuta mstari ule. Karatasi ikasafiri kama ilivyo.

Kutoka Geneva likarudi swali: mbona pale hapakukaguliwa? Wakubwa wakatoa amri. Geti likafunguliwa, akaitwa Nusura. Mtoto alikuwa na makovu ya tetekuwanga, si ya ndui. Akaandika sifuri.

"Walisema nimejisumbua bure," anasema. "Bure gani? Sifuri yao ilikuwa ya woga. Hii yangu nimeiona kwa macho."

Sasa anavizungumzia visiwa viwili vya ziwani ambavyo karatasi zinasema sifuri tangu mwaka juzi, na hapati mtu wa kumwambia nani alivikanyaga. Ameomba nauli ya mtumbwi. Ameambiwa asubiri.

"Mimi sisubiri," anasema. "Jumatatu naenda na wachuuzi wa samaki."