Masale Kando ya Kijito

Mwezi uliopita niliendesha gari kutoka Houston hadi Arlington kwenda kumsaidia mama kufungasha vitu, maana nyumba imekuwa kubwa mno kwake na magoti yake yamechoshwa na ngazi. Binti yangu wa miaka tisa alikaa kiti cha nyuma. Nilikuwa nimejiapiza kutopita ile barabara ya zamani, lakini barabara za Texas unazijua: wanafunga moja, wanakurudisha kule kule ulikokimbia. Nikajikuta mbele ya maghala ya kukodi, yale watu wanamoweka makochi wasiyoyahitaji. Kando ya uzio, karibu na nguzo ya umeme, ulikuwepo mmea mmoja wenye majani marefu yaliyochongoka. Nikasimamisha gari.

Mimi nilikulia hapo, rafiki yangu, kabla ya hayo maghala. Mama alikuwa nesi, anatoka asubuhi na kurudi jioni amechoka hoi, na ili nisilelewe na televisheni alimleta Bibi kutoka Machame, Kilimanjaro. Bibi alikuja na vitenge vinne, mwiko wa mbao, na maswali. Ndizi za mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, alinunua kwenye duka la Wavietnamu, akilalamika kwamba hazikukomaa, kisha anakula sahani mbili. Mashine ya kukaushia nguo hakuigusa hata siku moja. Jua lipo nje, alisema, mnataka lipi tena? Kwa hiyo alasiri za Agosti tulianika shuka kwenye uzio, nyenze wakipiga kelele kwenye miti ya pekani na treni ya mizigo ikilia kwa mbali, nami nikiomba rafiki zangu wa shule wasipite wakaniona.

Swali lake kubwa lilikuwa moja. Tukienda dukani, tukienda kanisani, tukisimama popote, lazima aulize: kabla ya hawa, nani alikaa hapa? Kwao kila ukoo una kihamba chake, shamba la migomba ambamo wazee huishi na humo humo huzikwa, na kaburi hupandiwa mimea ya masale ili lisipotee. Mtoto asiyejua nani kalala wapi, alisema Bibi, ni mgeni hata kama kazaliwa hapo.

Nilipokuwa na miaka kumi, mwalimu alitupa kazi ya kueleza historia ya mji wetu tangu mwanzo. Kitabu kilikuwa na kila kitu, au nilidhani hivyo. Wenyeji wa asili waliolima mahindi kandokando ya Mto Trinity. Walowezi waliokuja wakawaondoa. Pamba, ng'ombe waliopitishwa Fort Worth, reli, mafuta, viwanda vya ndege, barabara kuu, na mwisho kabisa viwanja vikubwa vya burudani na mabembea yake, ambavyo sisi watoto tuliona ndiyo kilele cha yote. Nilimsomea Bibi huku nikitafsiri na kujivuna, yeye akimenya ndizi. Nilipofika kwenye pamba akaweka kisu chini.

"Waliochuma hiyo pamba walizikwa wapi?"

Kitabu hakikusema. Mwalimu naye aliniambia hilo ni swali zuri sana, akaendelea na somo.

Aliyejua alikuwa jirani yetu, mwanamke mzee, Mmarekani mweusi, aliyekaa kwenye nyumba ya mbao mwisho wa mtaa. Ukoo wake ulikuwa hapo kabla mtaa haujaitwa mtaa. Yeye na Bibi hawakuwa na lugha moja, walikuwa na mimi, na mimi nilikuwa mkalimani mvivu. Jirani ataongea dakika tano, nami nitamgeukia Bibi niseme, "Anasema joto limezidi." Hata hivyo walipatana. Jirani alituletea majani ya bustani yake, ndugu wa sukuma wiki, Bibi akampelekea mtori, na jirani alipofundishwa kuitikia "marahaba" aliitikia kwa furaha kila nilipopita, hata nikiwa sijamwamkia.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kiwanja kitupu kilichoteremka hadi kijitoni. Jioni moja tulikatiza hapo wote watatu. Ghafla Bibi akanivuta kola ya blauzi nikakaribia kuanguka. Mbele yetu ilikuwepo mimea ile yenye majani kama panga, imepangwa mistari.

"Usikanyage. Masale haya. Hapa wamelala watu."

"Bibi, ni magugu tu, just weeds," nikasema kwa aibu.

"Nani kakuuliza? Mwambie mwenzangu nilichosema."

Nikamwambia. Jirani akakaa chini, hapo hapo kwenye nyasi, akalia kwa sauti. Aliponyamaza akaanza kueleza, na siku hiyo sikufupisha neno. Watu wake waliletwa Texas wakiwa mali ya watu, wakachuma pamba isiyokuwa yao. Habari ya uhuru iliwafikia imechelewa miaka. Wakatembea kutoka upande wa Houston, wakajipatia ardhi ya mafuriko ambayo hakuna aliyeitaka, wakalima, wakajenga kanisa la mbao. Mawe ya makaburi hawakuyamudu, kwa hiyo kila aliyezikwa walimpandia mmea ule wa huku unaofanana na masale, kwa kuwa ukiukata unachipua. Makaburi yalikuwa kumi na moja. Bibi yake alimshika mkono akamtajia majina kuanzia kijitoni, lakini yeye hakujaliwa mtoto wa kumtajia. Watu wenye elimu zao walipita hapo maisha yake yote wasione kitu, hadi alipokuja mwanamke wa Kilimanjaro aliyefika juzi tu.

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa uzee, havishiki kalamu, akaniomba niandike mimi. Kwa alasiri tatu Bibi alitushikia mwavuli, tukapita kaburi moja moja, nikaandika kwenye daftari la kijani jina la mtu, alikuwa nani, na nani yuko ubavuni pake. Baadaye tulikula mkate wa mahindi barazani kwa jirani, wenye siagi inayochuruzika, na Bibi akasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sijawahi kuwaona wazee wawili wametulia namna ile.

Sasa nikuambie nilichofanya. Darasani tayari walikuwa wananiuliza kama nyumbani kwetu kuna simba, na sikutaka kuwa tena mtoto wa makaburi. Kwenye bango langu la ile kazi ya historia nikabandika picha za ng'ombe na treni kama wenzangu wote. Nikapata alama nzuri. Daftari likabaki ndani ya dawati, shule ikafungwa, madawati yakasafishwa na vilivyomo vikatupwa. Nililikumbuka mwezi wa saba nikiwa ndani ya bwawa la kuogelea, na maji yote yakawa baridi. Sikumwambia mtu. Kila mara jirani yule aliponiona aliuliza kama daftari lake liko salama, nami nikamjibu, "Yes, ma'am." Alikufa miaka miwili baadaye akiamini hivyo.

Jamaa yake wa mbali akauza nyumba na kiwanja. Kampuni iliyonunua ikawaita majirani kwenye ukumbi iwaeleze mipango yake. Bibi alivaa kitenge chake cha Krismasi, akaniambia nichukue daftari, nami nikasema liko kwenye begi. Alisimama mbele ya watu wote akaeleza kwa Kiswahili, mimi nikitafsiri, na nilitafsiri vizuri kuliko siku zote. Mtu wa kampuni hakuwa mkorofi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama kuna chochote kilichoandikwa. Kikiwepo, alisema, watasimamisha kazi wachunguze. Bibi alielewa kwamba zamu ya daftari imefika. Akaninyooshea mkono alipokee.

"No," nikamjibu yule mtu.

Kiingereza Bibi hakukijua, ila neno hilo alilijua. Mkono ulibaki pale kidogo, kisha akaurudisha taratibu kwenye mkunjo wa kitenge.

Hakunigombeza. Afadhali angenichapa. Asubuhi nilikwenda kiwanjani nikakata jani, nikampelekea kwa mikono miwili kama alivyonifundisha, maana kwa Wachaga ukimletea mtu sale umekiri kosa, naye hana budi kukusamehe. Akalipokea.

"Mimi nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini si mimi uliyemkosea. Wapelekee wenyewe, waliolala kule."

Nikaahidi kwenda Jumamosi. Kabla ya Jumamosi uzio ulikuwa umewekwa, na, Mungu anisamehe, niliona nafuu. Bibi alirudi Machame mwaka ule. Amelala kihambani, masale yamemzunguka, na watoto wa ukoo wanajua ni nani.

Leo na mimi ni nesi. Kazini naandika kila kitu, mgonjwa amekula nini, amelala saa ngapi, na wenzangu hunisifu kwamba chati zangu hazina pengo. Hawajui natibu nini. Kule Fort Worth hadi leo ng'ombe hupitishwa barabarani kila siku ili watalii wapige picha, kwa hiyo ng'ombe wanakumbukwa. Nyumba ya mbao haipo, miti ya pekani haipo, na kijito kimetiwa ndani ya bomba la zege. Kwa miaka nimesema kwamba ni mji uliosahau, lakini mji haukuwahi kuambiwa. Niliambiwa mimi.

Basi, siku ile mbele ya maghala nilikata jani moja la mmea ule kando ya nguzo, nikaliweka chini ya uzio, nikaamkia kwa sauti, shikamooni. Binti yangu akashuka garini.

"Mama, who are you talking to?"

Nikamwambia hapa wamelala watu kumi na mmoja. Akataka kujua ni akina nani. Nikaanza kutokea kijitoni, nikamtajia jina la mkunga aliyezalisha wanawake wa pande zote mbili za mto. Ubavuni pake jina la mumewe, fundi wa kwato za farasi. Halafu mtoto wao mchanga, aliyeishi siku moja akapewa jina la siku hiyo. Halafu yakaisha majina ninayoyakumbuka.

"And then who?" akauliza. Alikuwa ameinua vidole vitatu, anamngojea wa nne.