Fomu ya Mwalimu Mbodze

Fomu ilirudi Jumatatu. Mbodze Kadenge aliitoa kwenye bahasha ya kaki akiwa bado amesimama mlangoni mwa chumba cha walimu. Pale palipouliza ni tatizo gani la darasani mwake analotaka kulichunguza, mtu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "Mwalimu, umetueleza kwamba darasa lako linaendelea vizuri. Sasa utachunguza nini?" Chini yake palikuwa na jina, Loise, na siku ya mwisho ya kuirudisha: Ijumaa, saa sita mchana.

Ulikuwa muhula wa tatu, mwaka 1995. Mfuko mmoja mdogo, wenye ofisi ya vyumba viwili Ganjoni, Mombasa, ulikuwa ukitoa ruzuku kwa walimu wa shule za msingi waliotaka kufanya utafiti ndani ya madarasa yao wenyewe. Mbodze alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na sita, tisa ya mwisho katika shule iliyo ukingoni mwa Mji wa Kale. Aliomba kinasa sauti, kanda na betri, na mwalimu wa kumshikia kipindi kimoja kila siku kwa muhula mzima.

Kosa lake lilikuwa la kimazoea. Tangu atoke chuo cha ualimu, kila karatasi aliyoijaza kuhusu darasa lake aliijaza ili isomwe na mkaguzi, na karatasi ya mkaguzi haina nafasi ya kuandika kwamba jambo limekushinda. Maazimio ya kazi yametimizwa. Wanafunzi wameelewa. Mkono wake ulikwenda huko wenyewe.

Gharib, mwalimu wa dini ya Kiislamu, mzaliwa wa Mji wa Kale aliyemzidi kwa miaka kumi, alisoma maneno ya kalamu ya risasi akacheka mpaka akavua miwani.

"Hawa wataka ujishitaki, bibie," alisema. "Kwa maandishi, na muhuri juu."

La kuandika Mbodze alilijua tangu Julai. Kama walimu wengi, alikuwa na desturi ya kutoa maswali, kisha kuyafanya ubaoni, watoto wakanakili masahihisho, naye akapita na kalamu nyekundu. Madaftari hamsini na mawili ya darasa la nne yalijaa alama za vema toka ukurasa wa kwanza. Siku moja alimwita Joy, ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko yote, akamwuliza kwa nini katika swali la biskuti tisini na sita na sahani nane aliamua kugawanya. Joy alitazama daftari, akatazama ubao uliokwisha kufutwa. "Ilikuwa imeandikwa pale, mwalimu," alisema. Kwa wiki mbili Mbodze akawaita wote, mmoja mmoja, barazani nje ya darasa. Walioweza kueleza walichokifanya walikuwa kumi na tisa.

Jumanne alifuta maelezo ya zamani akaandika mapya. Alitaja madaftari, akataja watoto thelathini na watatu, akaandika kwamba vema hizo amezitia yeye. Alitaka kujua itakuwaje akiacha kuwaandikia majibu, na badala yake amsikilize kila mtoto dakika tatu kwa wiki, bila kumkatiza.

Fomu ilihitaji muhuri wa mwalimu mkuu. Huyu alikuwa Kyalo, mtu wa Ukambani aliyekaa Mombasa miaka ishirini, mpole wa maneno na mwoga wa ofisi za juu. Naibu wake alikuwa anastaafu Desemba, na jina ambalo Kyalo alikusudia kulipendekeza kwa nafasi hiyo lilikuwa la Mbodze. Mbodze alilijua hilo. Mamake, huko Kaloleni, alikwisha kuwaambia majirani.

Kyalo aliisoma fomu mara mbili. Akamweleza taratibu kwamba karatasi hutembea: leo iko Ganjoni, kesho iko mezani kwa afisa wa elimu, kesho kutwa mzazi anauliza watoto wake wanafundishwa nini. Akamshauri aandike "baadhi ya shule za Pwani". Mbodze akasema mfuko unataka darasa la mwombaji mwenyewe. Basi aandike "wanafunzi wachache".

"Thelathini na watatu si wachache, mwalimu mkuu."

"Mimi nitapelekaje jina lako na karatasi hii kwa mkono mmoja?"

"Peleka kimoja."

"Kipi?"

"Fomu ndiyo yenye haraka. Yatakiwa Ijumaa."

Kyalo alikaa nayo hadi Ijumaa saa nne asubuhi. Alipomrudishia, muhuri ulikuwapo, na chini yake, kwa mwandiko wake mzuri: "Kasoro iliyotajwa ni ya mwalimu mhusika peke yake. Shule haihusiki." Gharib alisema huo si muhuri, ni hukumu, na akamtaka arudi adai maneno yafutwe. Mbodze alitazama saa, akaitia fomu mkobani, akaenda Ganjoni kwa miguu.

Huko ofisini Loise, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyasoma maneno ya Kyalo, akamwuliza kama angependa yabaki hivyo.

"Nusu yake ni kweli," Mbodze alisema. "Yabaki."

Desemba naibu mpya alitajwa, naye alikuwa mwalimu mwenzake, Nicodemus. Mbodze alimweleza mamake alipokwenda likizo. Januari watoto walipoingia darasa la tano alipanda nao; mfuko ulikuwa umekubali ombi lake, na kinasa sauti kikaja. Kanda za wiki ya kwanza zilikuwa na "sijui" nyingi na kimya kirefu. Hakufuta hata moja.

Wiki ya tatu, saa ya chakula cha mchana, Kyalo alimkuta darasani akisikiliza kanda. Akasimama kusikiliza naye. Mtoto mmoja alikwama, wa pili akakwama, wa tatu akaeleza vizuri kabisa kwa Kiswahili jambo aliloshindwa kulisema kwa Kiingereza. Kyalo, aliyekuwa akifundisha hesabu darasa la nane, aliuliza kama hao ndio wenye madaftari safi. Akaambiwa ndio. Akauliza kama mashine hiyo yaweza kuazimwa.

Mbodze alimjibu kwamba mkataba wa mfuko hauruhusu itoke darasani mwake, ila Kyalo angeweza kuwaleta wanafunzi wake hapo, mmoja mmoja.

"Nianze na nani?"

"Yeyote," Mbodze alisema. "Lakini kwanza ujizoeze kunyamaza dakika tatu. Mimi ilinichukua wiki mbili."

Kyalo akavuta kiti.