Ndassa Anunua Kadi kwa Kuitazama Meno

Ndassa hanunui kitu bila kukikagua kama ng'ombe. Alihamia hapa Nyakahura na mifugo yake kutoka Shinyanga, na tangu siku hiyo sisi Wasubi wa kwenye migomba hatujapumzika. Akinunua redio, anaizungusha, anaipapasa mgongo, anaondoka, anarudi kesho yake kuipapasa tena. Nampenda sana, lakini ukienda naye sokoni beba chakula.

Mwaka ule Warundi walipokuwa wanavuka mpaka kwa wingi tena, na magari ya kambini yakipita barabarani kutwa, mwanawe Jeremia alitangaza kwamba anakwenda kuchimba dhahabu. Kaka zake wawili walikwenda huko huko. Mmoja alirudishwa kwenye jeneza, wa pili hakurudishwa kabisa. Ndassa alikuja kwangu, akanywa maji yangu yote ya mtungini, ndipo akasema, "Anastazi, na huyu akienda, mimi nimekwisha."

Jeremia alikuwa na kompyuta kuukuu iliyoachwa na shirika fulani lililofunga ofisi, akichezea gemu ya mpira. Skrini ilikuwa na ufa, na picha zilikwenda kwa kusitasita: mchezaji anapiga shuti, unakwenda kuchota maji, unarudi, mpira bado uko hewani. Siku moja kijana akasema kwa utani kwamba angepata monita nzuri, na kadi ya picha ya kuisukuma, asingetoka nyumbani maisha yake yote. Ukimtania Ndassa, umeweka mkataba.

"Bajeti yangu ni mtamba mmoja," akaniambia. "Twende. Wewe ndiye shahidi."

Nyuma ya soko, kwa Mama Kankindi, alikuwa amefikia mtoto wa kaka yake, Nshimirimana, aliyekuwa na kibanda cha gemu kule Burundi. Wenzake walikimbia na magodoro. Yeye alikimbia na monita mbili na kadi mbili, zote zimeviringishwa kwenye blanketi. Alikuwa anangoja gari la kambini, na kabla ya kuondoka alitaka kumwachia shangazi yake kitu chenye maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe mifugo."

Nshimirimana akatandika blanketi. Ndassa akachuchumaa mbele ya kadi kubwa yenye feni mbili, nzuri kweli, nami ningeichukua hapo hapo.

"Huyu anakula sana?"

"Sana, mzee. Anataka umeme mwingi. Kompyuta ndogo atailaza chini."

"Na huyu mdogo?"

"Anakula kidogo. Michezo mizito hawezi, lakini mpira anacheza bila kukwama."

Ndassa akainyanyua ile ndogo. Kwenye ukingo wake kuna vijino vya rangi ya dhahabu, vile vinavyoingia ndani ya kompyuta. Akavipitishia kidole kimoja kimoja. "Meno yote yapo. Bado kijana." Akaipuliza feni, ikazunguka. "Pumzi anayo. Mama yake alikuwa nani?"

"Sikumjua, mzee," akajibu Nshimirimana kwa adabu.

Zikaja monita. Kubwa ilikuwa pana kama meza ya padri. Nshimirimana akaeleza kwamba kadi ndogo ikifungwa kwenye monita kubwa huchoka, picha zikaanza kukwama upya. Ndassa akasema hata ndama hafungwi plau, akachagua ndogo. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri, na ningemwomba Mungu yaishie hapo.

Nshimirimana akaleta waya zake, wa umeme na wa picha. Ndassa akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Kamba? Unanipa na kamba?"

Kwa akina Ndassa, mnyama akiuzwa huenda yeye tu. Kamba hubaki kwa muuzaji, maana anayetoa kamba ametoa zizi zima na bahati yake. "Mwanangu," akasema, na machozi yalikuwa yanamlenga, "umeshapoteza nyumba, leo utoe na kamba? Baki nazo." Alisema kwa huruma hata hakuna aliyethubutu kumpinga. Nilikuwa shahidi, ningesema neno, lakini mimi ni mtu wa ndizi. Nikadhani labda monita za siku hizi hazihitaji waya. Kisha akamfungua yule mtamba tuliyekuja naye kamba yake, akaitundika begani, tukaondoka. Nilipogeuka, Kankindi alikuwa amemshika mtamba sikio, na Nshimirimana anamfunga shingoni kwa waya wa monita.

"Yemwe!" Kankindi alimaka kwa Kirundi, analia kwa kicheko. "Huyu tunamchomeka wapi?"

Jeremia alifurahi mpaka alipotafuta waya; zile za skrini ya zamani hazikuingia. Baba yake akamweleza habari ya kamba kwa fahari kubwa. Asubuhi kijana alianza kukunja nguo zake za kwenda migodini.

Kabla ya adhuhuri mtamba akarudi mwenyewe kwenye zizi lake la zamani, waya shingoni, Nshimirimana nyuma yake anahema, na Kankindi nyuma yao na fimbo. Ndassa aliona aibu ya kufa: mali zote mbili ziko uani kwake! Tulibishana sana, mimi nikiwa mkali kuliko wote, mpaka tukakubaliana kwamba waya hazikutolewa, zimeazimwa, na kamba ya mtamba nayo imeazimwa kwa Kankindi. Mkopo huo hauna tarehe. Nshimirimana akachomeka kila kitu mwenyewe, na mpira ukatiririka kama maji. Siku ya pili gari la kambini likamchukua.

Jeremia alicheza wiki nzima. Kisha akaanza kukunja nguo tena, kwa sababu gemu ni gemu.

Hapo ndipo Ndassa aliposema, "Nifundishe na mimi." Ikawa balaa. Mzee aliyemjua kila ng'ombe kwa kikohozi chake sasa alikaa mbele ya monita tangu asubuhi, akijifunga magoli mwenyewe na kushangilia. Ng'ombe walilia zizini. Mkewe Petronila alilia jikoni. Ikabidi Jeremia awatoe yeye, awachunge yeye, awachome sindano yeye. Lori la wachimbaji likasimama barabarani likapiga honi, naye akalipungia mkono liende zake. "Nitaendaje?" akaniuliza kwa hasira. "Mzee amerukwa na akili. Nikiondoka leo, kesho hakuna ng'ombe."

Nilikasirika mimi pia. Mchana mmoja nikaenda kumwambia Ndassa ukweli wake. Nyakahura nzima haikuwa na umeme, hata mashine ya kusaga ilikuwa kimya. Nikamkuta ameinamia kibodi, vidole vinakimbia, macho kwenye monita nyeusi tii.

"Ndassa. Umeme hakuna."

"Najua," akanong'ona. "Macho yananiuma, Anastazi. Huu mchezo siupendi hata kidogo." Nje kengele za ng'ombe zilikuwa zinakaribia, Jeremia alikuwa anawapeleka mtoni. Ndassa akanivuta mkono. "Kaa. Piga kelele. Anapita."

Nikakaa karibu naye, nikapiga kelele za goli kwa nguvu zangu zote.