Dhahabu Haijakimbia

Kwenye duara la baba yangu, yaani shimo lake la dhahabu, mwanamke hakusogea. Hiyo ilikuwa sheria ya machimbo yote ya upande wa Kabungu miaka ile ya tisini: mwanamke akichungulia shimo, dhahabu inakimbia. Mama alipopeleka chakula aliishia penye gogo la mninga, akaita, na mmoja wa wale wawili waliochimba na baba akaja kupokea sufuria. Mimi nami niliishia hapohapo, nimenuna. Sijawahi kuwa mtu wa kununa kidogo.

Ndiyo maana baba alicheka nilipomaliza chuo Dar es Salaam, nikarudi nyumbani Kasokola kumwambia nimepata nafasi ya kuendelea na fizikia Ulaya, na kwamba huko nitafanya kazi na dhahabu.

"Dhahabu iko hapa, mama," alisema. Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Unapanda treni kuifuata wapi?"

Masomo yalikuwa yamelipiwa. Kilichobaki ni neno lake. Binti ambaye hajaolewa hakutoka kwetu kwenda kukaa mbali miaka mingi bila baba kusema nenda, na mimi, pamoja na ukali wangu wote, nisingeweza kuondoka bila neno hilo. Baba hakukataa. Alisema kwanza aelewe ninachokwenda kufanya.

Basi nikamweleza tukiwa tunapukuchua mahindi barazani. Umeme, nikasema, unabebwa na chembe ndogo sana zinazoitwa elektroni, na kila elektroni ni kama sumaku. Tabia hiyo tunaiita spini.

"Inazunguka, kama pia ya watoto?"

Nikasema hapana, haizunguki, ingawa walioipa jina walidhani inazunguka. Akaguna. Nikapandisha sauti, mama akanitazama, nikaishusha.

Nikaendelea. Kwa kawaida sumaku hizo zinaelekea ovyo, kama watu gulioni. Lakini zinaweza kuelekezwa upande mmoja, kama waumini misani, na hizo ndizo nilizotaka kuzichunguza. Sasa utajuaje zimeelekea wapi, na hazionekani? Unazirusha kwenye dhahabu iliyofanywa nyembamba kuliko karatasi. Ndani ya kila chembe ya dhahabu kuna kiini chenye umeme mwingi. Elektroni ikikipita karibu kwa kasi, ule mwendo wake wenyewe unaifanya iuone umeme wa kiini kama nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo inaisukuma kufuatana na ilivyoelekea. Zilizoelekea juu zinaruka zaidi kushoto, zilizoelekea chini zinaruka zaidi kulia. Unahesabu pande zote mbili. Zikilingana, ni gulio. Upande mmoja ukizidi, ni misa.

"Na shaba haifai?" baba aliuliza.

"Shaba ni nyepesi. Kiini kikiwa kizito, umeme wake ni mwingi, na msukumo unaonekana vizuri."

Hapo akaacha kupukuchua. Mambo ya uzito aliyajua. Kazi yake ilikuwa kuzungusha karai la maji mpaka mchanga utoke na ile nzito ibaki chini.

"Kwa hiyo utakuwa nayo kila siku," akasema.

"Kila siku."

"Na haitakimbia."

"Baba, dhahabu haijui kama mimi ni mwanamke."

Akarudi kwenye mahindi yake, mama akainuka akaingia ndani. Nilijua nimevuka mpaka. Nililala nikiwa na hakika nimejifungia safari kwa mdomo wangu.

Kesho yake mama alinipa sufuria ya ugali na maharage nipeleke machimboni. Penye gogo niliita, akaja baba mwenyewe. Sufuria hakuipokea.

"Pita," akasema. "Huwezi kwenda kurushia vitu dhahabu wakati hujaona inakotoka."

Wale wenzake wawili wakasimama. Mmoja akasema, "Mzee, nyie mnatuharibia kazi."

"Huyu ni mama yangu," baba akajibu.

Nikachungulia. Palikuwa na magogo yaliyozuia kingo, kamba, na giza. Hapakuwa na kitu cha kuona. Lakini niliogopa sana, mimi na shahada yangu. Niliogopa isije ikakimbia kweli. Nikarudi nyuma, baba akasema, "Sasa nenda."

Nilikwenda. Maabara ile ilikuwa na baridi, na dhahabu yetu ilikuwa kipande cha kutosha kufunika ukucha. Baba aliniandikia mara kwa mara, habari za mahindi, za mvua, za wagonjwa wa Kasokola. Na kila barua aliimalizia kwa swali lilelile: dhahabu ipo?

Niliporudi ndipo mama aliponieleza kwamba tangu siku ile duara halikutoa hata punje. Wale wenzake walimlaumu baba, wakahama na makarai yao, mvua zikalijaza maji, na baba akarudi kwenye jembe. Hakuwahi kuniambia. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikimjibu, ipo baba, haijakimbia, nikidhani ananitania.