Gego la Kalunguyeye

Mume wangu aliacha nguo, baiskeli, redio, sururu ya kazi, na kalunguyeye mmoja ndani ya kasha la mbao nyuma ya nyumba yetu hapa Chang'ombe.

Alimpata Buigiri, walipokuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji. Sururu ilifumua shimo lake, akamwokota na kumleta nyumbani ndani ya kofia ya kazi. Kwa asiyemjua, kalunguyeye ni mnyama mdogo anayeenea katika viganja viwili. Mgongo wake ni miiba mifupi, tumbo lake ni manyoya, na pua yake imechongoka na haitulii. Mume wangu alimlisha mende na mbawakawa kila jioni akirudi kazini. Mimi sikuwa na neno naye. Nilifagia pembeni ya kasha, basi.

Siku ya kumaliza matanga ndugu waligawana vitu vya marehemu, kama desturi. Shemeji yangu aliyepewa makoti alichungulia kule nyuma akauliza, "Na huyu wa miiba, nani atamvaa?" Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Mama mkwe wangu hakucheka. Alisema, "Huyo anapumua. Hagawiwi." Ndugu wakatawanyika, yeye akabaki na mimi, na kalunguyeye akabaki na sisi wote wawili.

Ni mama mkwe aliyeanza kumpa karanga. Kwao karanga ndilo zao, na adui mkubwa wa karanga ni nungunungu, anayefukua shamba zima kabla ya mwenyewe kuvuna. Akaona hawa wawili ni ukoo mmoja.

"Mwenye miiba ni mwenye miiba," alinieleza. "Huyu ni mdogo wake nungunungu. Na meno ya mnyama wa shimoni hayaachi kukua. Asipopata kitu kigumu cha kuyasaga, yatamtoboa kidevu."

Niliishia darasa la saba na habari hiyo sikuisoma popote, lakini niliiona ina akili. Hata panya hutafuna mlango akiwa ameshiba. Basi tukamkaangia karanga kavu, bila chumvi, tukamwekea kisahanini.

Baada ya muda nikaona mende anapita mbele ya pua yake na yeye hamgusi. Asubuhi nilikuta kisahani kama nilivyokiacha. Alikuwa akisogea, ananusa, anakamata kitu kwa mdomo, kisha anakiangusha na kujifuta shavu kwa mguu wa mbele kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nilipoinamia kasha nilisikia harufu. Haikuwa ya maranda machafu anayolalia, maana nilikuwa nimeyabadilisha. Ilitoka kwake.

Nilijua mambo mawili tu. Asipokula atakufa, na sikutaka kuzika tena mwaka ule, hata kitu cha kuenea kwenye kofia.

Shida ilikuwa kinywa. Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja na sikuwahi kukiona. Ukimgusa hujikunja akawa mpira, na kinywa kinakuwa katikati ya mpira, mahali ambapo mkono hauwezi kufika. Nilikaa juu ya kindoo nikimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikajikuta nataka kujua kitu. Ana meno mangapi? Yako kama ya paka au kama ya panya? Yanaoza?

Mama mkwe alisimama nyuma yangu. "Mpigie hodi," alisema.

Nilimwita bwana mifugo wa Ipagala, kijana anayechanja kuku na mbwa wa mtaani kwetu. Alifika na pikipiki, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akaosha mikono, kisha akachungulia ndani ya kasha.

"Mama, nimetibu ng'ombe, mbwa, na punda aliyemeza mfuko wa plastiki," aliniambia. "Huyu sijawahi."

"Basi leo mtajuana," mama mkwe akamjibu.

"Kinywa kiko upande gani, bibi?"

"Kiko ndani. Hata sisi tunakitafuta."

Alisoma kwenye simu yake kwa muda mrefu, kisha akaomba beseni na maji ya vuguvugu, machache, yasiyofika tumbo la mnyama. Tukamweka. Ule mpira ulikaa kimya kidogo, halafu ukafunguka wenyewe, kwa sababu aliyejikunja hawezi kutembea, na maji yalimfanya atake kutembea. Kijana akamdaka kwa taulo, akambana shingo kwa vidole viwili bila kumuumiza. Mimi nilishika tochi ya simu.

Ndipo nilipoona. Kinywa chake ni chekundu na chembamba, na kimejaa meno madogo yenye ncha, mengi kuliko nilivyodhani yangeenea humo. Mbele, juu, ana meno mawili marefu yaliyoachana, na kati yake kuna pengo pana. Meno ya chini yamelala kuelekea mbele, na akifunga kinywa ncha zake huingia palepale penye pengo. Nilisahau kuwa tunamtibu. Nilitaka kijana asimamishe mkono ili nitazame zaidi.

"Nusu ya karanga," alisema. Ilikuwa imekwama juu, kwenye kaakaa, imekaa kama kifuniko. Chini yake, upande wa kulia, gego moja lilikuwa jeusi na fizi imevimba. Aliichomoa karanga kwa kibano, akaiweka kwenye kisosi.

Mama mkwe aliitazama. "Hiyo ni yangu," alisema.

Kijana alimweleza kwa heshima kwamba karanga haikuliozesha gego. Gego limeoza kwa uzee na kwa ukoga ulioganda, ila karanga ndiyo iliyomfunga asile. Kisha akasema kalunguyeye si mdogo wake nungunungu kabisa. Ni mla wadudu. Meno yake hayaendelei kukua. Yakitoka yametoka, kama ya mtu mzima.

Gego lenyewe lilikuwa linacheza, akaling'oa kwa kibano hichohicho. Lilikuwa kama punje ya uwele. Niliomba niliangalie. Lilikuwa na mizizi. Kitu kidogo kiasi kile, nacho kilikuwa kimeshika mahali.

Mama mkwe aliinama karibu na taulo. "Na hapa mbele, naye aling'olewa?"

"Hapana, bibi. Amezaliwa na pengo."

Mama mkwe mwenyewe hana meno mawili ya chini, ya mbele. Waling'olewa wasichana na wavulana wa rika lake walipokuwa wadogo, kama ilivyokuwa kwa wazee wengi wa huku. Akamweleza kijana sababu aliyopewa na mama yake: mtu akishikwa na ugonjwa wa kukaza taya, uji upitishiwe hapo.

Kijana akatoa bomba la sindano lisilo na sindano. "Basi huyu naye mtamlisha hapo," alisema. "Mpaka fizi ipone. Maini ya kuchemsha yaliyopondwa sana, na maji. Maziwa msimpe, yatamharisha. Na karanga…"

"Tumesikia," mama mkwe akasema.

Alituachia dawa ya matone akaondoka.

Siku hiyo mama mkwe hakutaka kushika bomba. Nilimlisha mimi, na kila nilichosukuma kilirudi kidevuni. Mnyama alilala ubavu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Kesho yake asubuhi niliendelea, na nadhani nilikuwa nasukuma kwa hofu, maana mama mkwe aliniangalia kisha akaninyang'anya.

"Unajaza pipa?" aliuliza. "Mgonjwa halishwi kwa haraka zako."

Aliketi chini, miguu ameinyoosha, mnyama ndani ya kanga mapajani. Aliweka tone moja kwenye pengo akangoja. Tone likakaa. Hakuongeza. Alingoja mpaka mimi nikachoka kungoja. Kisha ulimi ukatoka, mwekundu, ukalichukua. Akaweka la pili. Jua lilifika kwenye kizingiti na yeye bado alikuwa anaweka matone, na uso wake ulikuwa umelowa, na hakuufuta kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Fizi ilipopona nilianza kumsafisha meno kwa kitambaa laini kilicholowa, kama kijana alivyoshauri kwa simu. Mama mkwe alikidharau kitambaa. Yeye hutumia mswaki wa mti, akatafuna ncha ikawa laini, akamnyooshea. Mnyama akaung'ata, akautafuna, akatoa povu jingi, kisha akapinda shingo na kuanza kujipaka povu hilo mgongoni kwa ulimi.

"Kichaa," mama mkwe alisema akirudi nyuma.

Nami niliogopa. Tulimpigia kijana, akacheka, akasema hivyo ndivyo wanavyofanya wakikutana na harufu ngeni. Kwa nini, hakujua. Mimi pia sijui mpaka leo, na bado nafikiria jambo hilo nikifua.

Kitu cha kwanza kigumu alichokula alikitafuta mwenyewe. Nilikuwa nimevunja kichuguu kidogo uani, na mchwa wakatoka. Akawafuata mmoja mmoja, akiwatafuna upande wa kushoto tu, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza.

Mama mkwe amesharudi kwao kulima. Kijana aliniambia ukweli: mnyama ni mzee, na meno mengine yatafuata. Kwa hiyo kila ninapobadilisha maranda namweka kwenye beseni, namfungua kinywa, naangalia fizi.

Jana mama mkwe alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amekula?"

"Amekula."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Haya," alisema. "Na wewe?"