Mkaja wa dada yangu umo ndani ya mkoba wa binti yangu

Admin, jina langu libaki kwako. Leo ni Jumapili ya mwisho ya Februari 2025, na ni miaka ishirini na saba tangu nitoke Idsowe, karibu na Garsen. Nina umri wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu, naishi Voi na mke wangu na binti yetu wa pekee. Nitamwita Zena, ingawa si jina lake. Mumewe yuko kazini Uarabuni. Zena ana mimba ya kwanza, mtoto amelala mkingamo, na daktari amesema atampasua wiki ijayo. Kwa hiyo nyumbani siku hizi kazi ni moja, kupanga mkoba wa hospitali: khanga, beseni, chupa ya chai, magauni yenye vifungo mbele, nguo za mtoto.

Juzi niliufungua mkoba huo nitie kadi ya kliniki, nikakuta mkaja.

Kwa wasioujua, mkaja ni kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni baada ya kukandwa kwa maji ya moto, ili tumbo lirudi. Huu niliutambua mara moja. Ni wa marikani, pindo lake lilishonwa na marehemu mama yangu kwa uzi mwekundu. Dada yangu mkubwa, ambaye yuko Idsowe mpaka leo, ameutuma kwa basi pamoja na chupa ya mafuta ya simsim. Ndio ule ule aliomfungia mke wangu. Umefuliwa ukawa mweupe kabisa.

Zena mwenyewe alizaliwa kwa upasuaji, mwanzoni mwa 1998, maji ya El Nino yalipoanza kupungua. Mama yake tulimvusha kwa mtumbwi hadi palipokuwa na gari, akapasuliwa Malindi. Siku ya kuruhusiwa muuguzi alitukalisha chini akatueleza: kidonda kisiloweshwe, asibebe kitu kizito kuliko mtoto, tumbo lisikandwe wala kukazwa, na homa ikipanda arudi upesi. Tuliporudi Idsowe, nyumbani kwa dada yangu alikokuwa alelewe, maneno hayo niliyarudia yote mbele yake kwa Kipokomo, polepole, kabla mke wangu hajaingia ndani.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa si darasani. Umewahi kuzaa wewe?"

Akacheka, na wanawake waliokuja kumwona mzazi wakacheka naye. Dada yangu akamgeukia mke wangu, ambaye alikuwa bado amesimama, ameshika tumbo. "Na wewe wifi, tukupe hongera ya nini? Umezaa wewe au amezaa daktari?"

"Kusukuma hakusukuma, lakini kulala anataka!" akadakia mwingine.

Kwetu mwanamume haingii chumba cha mzazi. Nilisimama mlangoni nikasema tumbo lisiguswe. Dada akafunga mlango, akatia komeo. Nikasikia sufuria ikiteremshwa mekoni. Nikasikia maji. Kisha nikamsikia mke wangu: "Wifi, hapo pana nyuzi. Wifi, nakuomba, hapo pana nyuzi."

"Jikaze. Damu chafu lazima itoke."

Niliuvunja mlango ule kwa bega. Mkaja ulikuwa umeshafungwa, na katikati umelowa damu. Waliniita mwendawazimu, kwa kuwa niliingia chumba cha mzazi mbele ya wanawake, na hilo ndilo kosa lililozungumzwa kijijini, si kidonda. Barabara ilikuwa imekatika tena, tukakwama siku kadhaa. Tulipofika Malindi usaha ulikuwa umeingia ndani, na ili kumwokoa ikabidi madaktari wamtoe kizazi.

Dada yangu hakuja kumtazama. Alituma mtu na maneno mawili. La kwanza, kwamba mke wangu aliharibiwa na kisu cha Malindi, si maji yake. La pili: "Oa mwingine, huyo ameisha." Kutoka Malindi sikurudi kuchukua hata vitabu vyangu.

Sasa dada huyo na Zena, aliyemtafuta mwenyewe alipopata mimba, huzungumza kwa simu karibu kila jioni. Anamtaka akitoka hospitali apelekwe Idsowe, alelewe siku arobaini. Na Zena anataka kwenda! Niliutoa mkaja mkobani, akaurudisha mbele ya macho yangu.

"Baba, nimekulia ugenini. Sikuwahi kuwa na bibi wala shangazi. Nataka nami nilelewe kwetu."

"Shangazi yako ndiye aliyesababisha usiwe na ndugu."

"Alikuwa hajui, Baba."

"Nilimwambia. Kwa lugha yake."

Akafunga zipu ya mkoba, mkaja ukiwa ndani.

Nikampigia dada yangu simu, mara ya kwanza tangu nihame. Sikumsalimu. Nikamuuliza, "Utamkanda?"

"Miguu na mgongo."

"Na tumbo?"

"Tumbo la mzazi lisipofungwa, lifungwe la nani? Lako?" Akacheka kicheko kile kile cha siku ile. "Kama una hofu, mwalimu, njoo ukae mlangoni. Mlango wangu uliuvunja, njoo basi uutengeneze."

Nikakata simu. Nilitamani kumtukana kwa maneno ambayo sijayatumia maishani.

Aliyenichanganya zaidi ni mke wangu. Alikuwa akikunja khanga, amesikia yote. Nilitegemea atakuwa upande wangu. Akasema, "Nitakwenda naye, Baba Zena. Nitalala chumba kimoja naye. Safari hii mlango nitaufunga mimi, na wifi atabaki nje."

Tangu hapo silali. Yule wa kukatwa ni mtoto wangu, na huko anakotaka kupeleka kidonda kibichi ndiko kidonda cha mama yake kilikofunguliwa. Ni mtu mzima, siwezi kumfungia. Je, niuchome mkaja huo, nimpoteze binti? Au ninyamaze, nimwamini mke wangu na komeo? Ninyi mliowahi kupasuliwa mkarudi kwa mashangazi na mama wakwe, niambieni nifanye nini kabla ya wiki ijayo.

Kuhusu mimi msijisumbue. Wao wakienda, nitawasindikiza hadi kituo cha basi. Idsowe sirudi.