Makuyu Yenye Tundu

Kasokola nzima ilijua kwamba mbegu ikishapita mikononi mwa Specioza haina haja ya kukaguliwa tena. Kila mwaka kabla ya mvua majirani walimletea mahindi kwa vikapu, naye akatandika mkeka mlangoni na kupembua punje moja moja. Punje yenye tundu la dumuzi alikuwa akiirusha pembeni bila hata kuitazama mara ya pili. Hakuwa mtu wa kupaka maneno mafuta. Hata katekista aliwahi kurudishiwa kikapu kizima na kuambiwa akawape kuku.

Alizaliwa Mpimbwe, akaolewa Kasokola na seremala mmoja aliyeitwa Gabrieli, akazaa naye mabinti watatu, wa kwanza Cecilia, akamzika mwaka 1989. Shule aliishia darasa la nne. Mabinti aliwalea kwa mahindi na kwa kitalu kidogo nyuma ya nyumba, alikokuwa akiotesha mipapai na miembe. Mtu akimsifu kwa upishi wake alinyamaza tu, maana alijua hajui kupika. Akisifiwa jicho lake la mbegu alitabasamu, na hapo ndipo ungeona kwamba mama huyu naye ana majivuno yake.

Chini ya kijiji palikuwa na chemchemi, na juu ya chemchemi mkuyu mmoja mkubwa, watu watano wasingeweza kuukumbatia. Gome lake lilikuwa la manjano lenye ukijani, likibanduka vipande vyembamba kama karatasi. Makuyu yalining'inia vichala vichala kwenye shina lenyewe na kwenye matawi manene, na hakuna mtu kijijini aliyewahi kuona ua la mti huo. Kuni zake zilikuwa moshi mtupu, na mbao zake ziliishia tumboni mwa mchwa. Lakini mizizi ilishika kingo za chemchemi na kivuli kilifunika maji, basi hakuna aliyeugusa kwa shoka.

Machi 1996 dhoruba iliung'oa. Haikupita miezi miwili kingo zikaanza kumeguka, na akina mama wakawa wanachota maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Bwana miti, kijana mmoja aitwaye Maximilian, alikuja na pikipiki kutoka Mpanda mjini. Kwenye mkutano wa kijiji alisema anayo miche ya mikaratusi, inakua haraka, aje nayo lini? Watu wakatazamana. Specioza akasimama. Kule Mpimbwe alishaona kisima kilichozungushiwa mikaratusi kikakauka na kugeuka shimo la kutupia majivu, akasema hataki kuliona jambo hilo mara mbili katika maisha yake.

"Nitaotesha mikuyu," alisema. "Mnanijua."

Walimjua. Wakakubaliana kwamba akiwa na miche thelathini iliyo hai kabla ya Krismasi, itapandwa mikuyu. Ikipungua hata mmoja, chemchemi ni ya mikaratusi.

Kwanza alijaribu vijiti. Alikata kumi na viwili kutoka kwenye mti ulioanguka, akavichomeka ardhini, na mchwa wakavimaliza vyote kabla ya Mei kwisha. Hapo akageukia mbegu, na kusema kweli alifarijika, maana mbegu ndiyo kazi yake. Mikuyu mingine ilikuwa kando ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Alikwenda na kikapu. Chini palikuwa pametapakaa makuyu yaliyoiva, mekundu, laini, yenye matundu madogo na mabaki ya wadudu ndani. Aliyapiga teke. Akachuma mtini yale magumu, mazima, yasiyo na hata alama ya mdudu.

Mbegu zake ni ndogo kuliko ulezi. Alizikausha, akazipanda kwenye viriba vya plastiki vyenye udongo mzuri, akamwagilia asubuhi na jioni. Hakikuota kitu. Juni akarudi mtoni, akachagua kwa uangalifu zaidi, na hakikuota kitu. Julai kila kuyu alilishika juani na kuligeuza kama mtu anayenunua yai. Viriba vikaota magugu.

Iliuma. Jirani yake Theopista alimuuliza vipi mikuyu, bila ubaya wowote, na Specioza akamjibu jibu ambalo baadaye ilibidi aende kuliombea radhi.

Agosti mto ulibaki madimbwi. Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na mifugo yake kutoka Shinyanga miaka mitatu nyuma, alikuwa akinywesha ng'ombe wake huko mtoni. Maji yalipopungua, ng'ombe waliondoka madimbwini na kiu yao na kupanda hadi chemchemi ya kijiji. Specioza alikuwa ameizungushia miiba kwa mikono yake mwenyewe, siku nne za kazi. Ng'ombe walipita juu yake kama vile haipo. Walikunywa, wakakanyaga kingo zilizosalia, wakajaza mavi kila mahali, wakaondoka.

Hasira zilimpanda hadi akasahau kuvaa kandambili. Alikwenda kwa mtendaji peku.

Baraza lilimtoza Nkwabi mbuzi mmoja. Hakubisha. Alisema tu, akimwita mama kwa Kisukuma, "Ng'ombe wakiona kiu, mayu, hawanisikilizi hata mimi." Mbuzi alichinjwa palepale, kama ilivyo ada, wazee wakala, na Specioza kama mlalamikaji akapewa mguu mzima. Aliula kwa raha zote.

Miiba aliirudishia, lakini mavi aliyaacha. Alikuwa amechoka, na pia alitaka kila anayekuja kuchota aone alivyofanyiwa. Katikati ya Septemba ndipo alipoingia na jembe ili ayazoe akatie mbolea bustanini. Upande wa chini, pale penye unyevu, lundo la kwanza lilikuwa na ukijani. Akainama. Palikuwa na vimche vidogo vingi, kila kimoja na majani mawili au matatu yasiyozidi ukucha. Alipitisha kidole juu ya jani moja, likakwaruza. Akalikata. Utomvu mweupe ukamganda kidoleni. Ilikuwa mikuyu.

Alikaa chini hapo hapo, kwenye mavi.

Kesho yake alfajiri aliwafuata ng'ombe wa Nkwabi kwa mbali mpaka mtoni, akiwa amejifunga kanga na kujifanya anatafuta kuni. Kabla ya kuyagusa maji machache ya madimbwini, ng'ombe walikwenda chini ya mikuyu na kuanza kuokota. Waliyaacha magumu. Walikula yale mekundu yenye matundu, yale yale aliyoyapiga teke miezi mitatu mfululizo. Nkwabi alimwona, akanyanyua fimbo kumsalimu. Specioza akainama na kuokota kijiti, kana kwamba ni kuni.

Vimche alivihamisha kwenye viriba kwa kijiko cha chai, kimoja kimoja. Hakumwambia mtu vilikotoka. Kijiji kilipoona kitalu kinabadilika rangi, sifa zilianza kumiminika, jicho la Specioza hili, jicho la Specioza lile, na Theopista alisifu kuliko wote. Usiku mmoja alijiambia kwamba mradi chemchemi imepona, nani ana haja ya kujua? Lilikuwa wazo zuri, na halikumpa usingizi.

Tarehe kumi na nane Desemba Maximilian alifika na daftari. Wanakijiji walijaa uani. Alihesabu miche arobaini na mmoja, mingine imefika shubiri. Akacheka kwa kushindwa, akafungua kalamu.

"Hongera sana, mama Cecilia. Wengi mbegu hii inawashinda. Niandike ulichaguaje?"

Specioza aliwatazama majirani zake, wale waliomletea vikapu miaka yote hiyo.

"Andika ng'ombe wa Nkwabi," alisema. "Mimi nilichagua mara tatu, haikuota hata moja. Wamechagua wao."

Akaeleza yote, mpaka mateke. Maximilian hakucheka. Aliomba wembe na kuyu lenye tundu, na mtoto wa Theopista akakimbia kulileta kutoka kwenye kikapu alichokuwa Specioza amekijaza mtoni. Alilipasua, akawaonyesha. Maua ya mkuyu yamo humo ndani, alisema, ndiyo maana hamjawahi kuyaona. Kuna kijidudu chenye mbawa, kidogo kuliko usubi, kinachopenya ndani na chavua na kutaga mayai. Watoto wake wakikomaa hutoboa na kutoka. Kuyu likiwa na tundu, ujue mbegu zimekwisha kukomaa. Kuyu gumu lisilotobolewa, mbegu zake bado changa.

"Kwa hiyo yale safi nilikuwa nayapanda bure, na mbegu nilikuwa nazipiga teke," alisema Specioza.

"Kwa mahindi uko sawa, mama. Mkuyu ni habari nyingine."

Maneno hayo hayakumsaidia sana. Majirani walipotawanyika hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni hiyo alifungua mbuzi wake jike, ambaye ndiye pekee aliyekuwa naye, akamkokota hadi kwa Nkwabi. Alimkuta akikamua.

"Nimekuletea mbuzi wako."

Nkwabi alimtazama mbuzi, kisha yeye. "Mayu, yule si alishaliwa?"

"Aliliwa. Na mguu nilikula mimi." Akamkabidhi kamba. "Ng'ombe wako wamenioteshea mikuyu arobaini na mmoja, nami nikawashitaki."

Nkwabi alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya zizi. Kisha akauliza, "Na ile miiba ya chemchemi, utaitoa?"

"Inabaki," alisema Specioza. "Kwa kupanda, nimewakubali. Lakini majani ya miche wakiyaona watayala."